"Umekutwa na Taifodi": Tuisome Upya Karatasi ya Widal

Hebu hesabu kwa vidole: ni watu wangapi unaowajua ambao mwaka huu wameambiwa wana taifodi? Anza na familia, njoo hosteli au kazini, malizia na majirani. Nadhani vidole vya mkono mmoja havitakutosha. Kati yao hakosi mmoja mwenye "taifodi sugu", yaani imemkaa mwilini miaka mitatu sasa, kila akipima ipo, kila akimaliza dozi inarudi. Na hakosi yule aliyekwenda na homa ya siku mbili akatoka na magonjwa matatu kwa mpigo, malaria, UTI na taifodi, pamoja na mfuko wa dawa unaotosha kufungulia duka.

Tusielewane vibaya, taifodi ipo. Inaletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi, anayeingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na akiachwa bila dawa anaweza kutoboa utumbo na mtu akafa. Lakini kusema ugonjwa upo ni jambo moja, na kusema wewe, leo, kwa homa yako hii, unao, ni jambo jingine kabisa. Katikati ya sentensi hizo mbili kuna kipande cha karatasi kilichoandikwa Widal. Hicho ndicho tunachokikosoa leo. Tutakikosoa kwa kutumia tafiti, halafu ili tusionekane wanafiki tutazikosoa na tafiti zenyewe.

Kipimo kinaona nini hasa?

Widal ni kipimo cha zamani. Kimepewa jina la daktari Mfaransa, Fernand Widal, aliyekitangaza mjini Paris mwaka 1896, miaka 32 kabla Alexander Fleming hajaona ukungu uliotupa penisilini. Uzee peke yake si kosa, maana darubini ni ya zamani zaidi na bado tunaipenda.

Wazo lake ni zuri. Mwili ukivamiwa na bakteria hutengeneza kingamwili za kupambana nao. Basi maabara inachukua seramu, yale majimaji ya damu yanayobaki chembe zikiondolewa, na kuyachanganya na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa. Kama seramu yako ina kingamwili zinazowatambua, bakteria wale wanashikamana na kufanya vichembe unavyoweza kuviona kwa macho, kama maziwa yaliyoanza kukatika. Kisha seramu inazimuliwa hatua kwa hatua, 1:20, 1:40, 1:80, 1:160, mpaka ifike mahali vichembe havionekani tena. Hatua ya mwisho vilipoonekana ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi. Herufi O ni kingamwili dhidi ya ganda la bakteria, H ni dhidi ya mikia yake.

Umeshaona tatizo liko wapi? Kipimo hiki hakimtafuti mdudu, kinatafuta kumbukumbu ya mdudu. Ni kama kuingia jikoni ukasikia harufu ya samaki. Inawezekana samaki yuko sufuriani sasa hivi. Inawezekana alipikwa juzi. Na inawezekana kwenu hakujapikwa samaki kabisa, hiyo ni harufu ya dagaa wa jirani. Vivyo hivyo, kingamwili zinabaki kwenye damu wiki na miezi baada ya mtu kupona. Ndugu wengine wa Salmonella, ambao si wa taifodi, wanaweza kuamsha kingamwili zinazofanana. Hata malaria na homa nyingine zinaweza kuchokoza kipimo. Na upande wa pili, mtu mwenye taifodi ya kweli akipimwa siku za mwanzo anaweza asiwe na kingamwili za kutosha, kipimo kikasema hana.

Ndiyo maana njia ya vitabuni ni kupima mara mbili, siku 10 hadi 14 zikipita katikati, na kuangalia kama kiwango kimepanda mara nne. Sasa niambie, wewe au mtu wako aliambiwa lini arudi baada ya wiki mbili kwa Widal ya pili? Mgonjwa gani atasubiri? Baada ya wiki mbili aidha umepona au uko hospitali ya mkoa. Kwa hiyo tunafanya nusu ya kipimo na kukichukulia kama kizima.

Hapa ndipo "taifodi sugu" inapozaliwa. Mtu anamaliza dozi, anarudi kupima "kuangalia kama imeisha", kipimo kinasoma tena, anapewa dozi nyingine. Kumbe kinachosomwa ni harufu ya samaki wa mwezi jana. Ni kweli wapo watu wachache wanaobaki na bakteria kwenye kibofu cha nyongo kwa muda mrefu. Lakini hao hugunduliwa kwa kuotesha choo maabara, si kwa Widal, na kwa kawaida hawana hata homa. Yule jamaa yako mwenye mwili kuchoka kila mwisho wa mwezi pengine ana tatizo jingine, na taifodi ya karatasi imemzuia kulitafuta.

Namba za Muheza

Tuje kwenye ushahidi. Mwaka 2010 jarida la BMC Infectious Diseases lilichapisha utafiti wa Benedikt Ley na wenzake uliofanyika hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Walichukua watoto waliolazwa na homa, wakaotesha damu yao ili kumtafuta bakteria mwenyewe, halafu wakalinganisha na Widal. Kwa kiwango cha O cha 1:80, walipata kwamba kati ya watoto 100 walioota taifodi kwenye damu, Widal iliwakamata 75. Kati ya watoto 100 wasioota taifodi, Widal iliwaachia huru 98 na kuwasingizia 2 tu.

Ukisikia hivyo unasema, aisee, kipimo safi hiki. Kinasingizia wawili tu kwa mia! Lakini utafiti huohuo uliripoti namba ya tatu: kati ya watoto ambao Widal ilisema wana taifodi, ni asilimia 26 tu walikuwa nayo kweli. Yaani karatasi nne zikisema "unayo", takriban tatu zinakosea.

Inawezekanaje? Hapa naomba utulie kidogo, chukua kalamu kama unayo. Namba hizo zinaendana na kundi ambalo mtoto 1 hivi kati ya 100 ndiye mwenye taifodi. Tuchukue watoto 2,000 wa namna hiyo. Wenye taifodi ni 20, na Widal inawakamata 15. Wasio na taifodi ni 1,980, na Widal inawasingizia wawili kwa mia, yaani kama 40. Jumla ya waliopewa karatasi ya "unayo" ni 55. Wenye ugonjwa kweli ni 15 kati yao. Gawanya: asilimia 27, karibu sawasawa na waliyoiona watafiti.

Kipimo hakikuharibika popote. Wasio wagonjwa ni wengi mno, kiasi kwamba hata kosa dogo likiwagusa linazaa watu wengi kuliko wagonjwa wenyewe. Ni kama mlinzi wa mlangoni anayekosea mara chache sana, ila amewekwa getini Kariakoo: mwisho wa siku amekamata raia wema wengi kuliko wezi, kwa sababu tu raia wema ndio wengi waliopita.

Sasa badilisha benchi. Tuseme katika wagonjwa 2,000 wenye taifodi ni 80, yaani wanne kwa mia. Widal inakamata 60, inasingizia kama 38. Safari hii karatasi ya "unayo" ina ukweli kwa asilimia 61. Kipimo kilekile, maabara ileile, mtaalamu yuleyule. Kilichobadilika ni nani ameketi kwenye benchi. Kwa hiyo tabibu anapokuhoji maswali mengi kabla ya kukutuma maabara, homa ina siku ngapi, inapanda vipi, tumbo likoje, umetoka wapi, hapotezi muda wako. Anachagua benchi. Akimpeleka maabara kila mwenye homa ya jana, ameshaliharibu jibu kabla sindano haijaingia.

Na huo utafiti nao?

Hapa ndipo nina ugomvi na wenzangu wanaopenda kurusha "asilimia 26" kwenye kila mjadala kama vile ni namba ya kudumu ya Widal, kama kasi ya mwanga. Umeona mwenyewe kwamba inabadilika na benchi. Lakini kuna mambo mengine matatu ya kuuliza, na yanavuta pande tofauti.

La kwanza ni zito kuliko yote: hakimu mwenyewe hana macho mazuri. Tulisema mtoto "ana taifodi kweli" kama bakteria wameota kwenye damu. Lakini kuotesha damu hakumnasi kila mgonjwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi unakadiria kwamba kunawanasa kama 60 kati ya 100 wenye taifodi, kwa sababu bakteria kwenye damu ni wachache, damu inayotolewa kwa mtoto ni kidogo, na wengi wamekwisha kumeza antibiotiki nyumbani. Kwa hiyo wale watoto 40 tuliosema "wamesingiziwa" huenda baadhi walikuwa wagonjwa ambao hakimu hakuwaona.

Tufanye hesabu upya. Kama wale 20 ni asilimia 60 tu ya wagonjwa wa kweli, wagonjwa wote ni kama 33. Waliokosekana ni 13. Kama Widal inawakamata na hao kwa kiwango kilekile cha asilimia 75, ni kama 10. Wahamishe kutoka kundi la "waliosingiziwa" kwenda kundi la "wagonjwa": sasa tuna 25 wa kweli kati ya 55, asilimia 45. Tumetoka karatasi moja kati ya nne hadi karibu moja kati ya mbili, bila kumpima mtu yeyote tena! Bado ni kama kurusha shilingi, sikatai. Ila kurusha shilingi na kukosea mara tatu kwa nne ni vitu viwili tofauti, na anayekosoa kwa haki lazima aseme yote mawili.

La pili linavuta upande mwingine. Utafiti ule ulitumia Widal ya mirija, ile inayozimuliwa hatua kwa hatua na kuachwa muda mrefu kabla ya kusomwa, ikifanywa na watu walio ndani ya mradi wa utafiti. Zahanati nyingi za mtaani zinatumia Widal ya slaidi: tone la seramu, tone la kitendanishi, tikisa, soma ndani ya dakika chache. Na wakati mwingine chupa ya kitendanishi imekaa kwenye friji inayozimwa na kukatika kwa umeme. Tuseme, kwa mfano tu, slaidi ya mtaani inasingizia watu 20 kwa mia badala ya wawili. Kwenye benchi letu la kwanza la watoto 2,000 inasingizia 396 na kukamata wale 15. Ukweli wa karatasi unashuka chini ya asilimia 4. Unaona jinsi kosa la maabara, ukilinganisha na mengine yote, linavyoweza kuumeza ugonjwa mzima?

La tatu: wale walikuwa watoto, wamelazwa. Wewe ni mtu mzima, umekuja kwa miguu yako, umekula mitaani miaka 25. Kumbukumbu za kingamwili zako ni ndefu kuliko za mtoto wa miaka mitatu.

Kuna na jambo ambalo watetezi wa Widal wanalipenda. Wanasema: sawa, ikisema "unayo" tusiiamini sana, lakini ikisema "huna" inapatia karibu mara 100 kwa 100. Utafiti wa Muheza kweli ulionyesha hivyo. Sasa fikiria mimi nakaa mlangoni bila kipimo chochote na kila mtoto anayepita namwambia "huna taifodi". Kwenye kundi ambalo mmoja tu kati ya 100 anaumwa, nimepatia mara 99. Nisiombe tuzo. Sifa hiyo ni ya benchi, kipimo kimechangia kidogo sana, na wagonjwa watano kati ya 20 bado wamerudishwa nyumbani.

Linganisha na watafiti wanapotaka jibu lisilo na utata. Jaribio kubwa la chanjo ya taifodi Blantyre, Malawi, lililochapishwa mwaka 2021 katika New England Journal of Medicine, lilihusisha watoto zaidi ya 28,000. Waliwahesabu wagonjwa kwa kuotesha damu: 12 kwa waliochanjwa dhidi ya taifodi, 62 kwa waliopata chanjo nyingine ya kulinganisha. Hawakuhesabu kwa Widal. Wangehesabu kwa Widal, zile harufu za samaki zingeijaza hesabu upande wote na chanjo inayozuia wagonjwa wanne kati ya watano ingeonekana ya kawaida tu. (Kwa faida yako: ukisikia "asilimia 80", kumbuka kila upande ulikuwa na watoto kama 14,000, kwa hiyo ni kutoka watoto wanne na kitu kwa kila elfu moja hadi chini ya mmoja. Namba zote mbili ni za kweli, moja inapiga kelele zaidi.)

"Lakini mimi nilimeza dawa nikapona"

Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko jarida lolote, maana ni wa mwili wako. Na ndio unaopotosha zaidi.

Mwaka 2014, Valérie D'Acremont na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 1,005 wenye homa walioletwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Hao ndio wanaofanana na benchi la zahanati. Walipimwa kwa kina kisicho cha kawaida ili kujua homa imetoka wapi. Asilimia 70 hivi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa kama 10 kwa mia. Taifodi, 3.7 kwa mia. Mtoto mmoja aliweza kuwa na zaidi ya kimoja, kwa hiyo usijaribu kuzijumlisha zifike mia.

Homa nyingi za virusi hujiondokea zenyewe ndani ya siku chache. Sasa fuata ratiba: siku ya kwanza unaona mafua tu, ya pili unameza panadol, ya tatu hali mbaya unaenda zahanati, unapewa sipro ya siku saba. Siku ya tano homa imekwisha. Nani kapewa sifa? Sipro. Tunakwenda kupima siku tuliyozidiwa zaidi, na baada ya siku ya kuzidiwa zaidi mara nyingi hufuata nafuu, hata ungemeza maji ya madafu. Tabibu naye anaona uleule mchezo kutoka upande wa pili wa meza: wagonjwa wake wa "taifodi" wanapona karibu wote, kwa hiyo anazidi kuamini kipimo. Hakuna mwenye nia mbaya hapo.

Gharama yake hailipwi siku hiyo. Kila dozi isiyohitajika inawafundisha bakteria walio tumboni mwako kuishi na dawa, na siku taifodi ya kweli ikija, dawa ile inakuta wanafunzi waliohitimu. Usugu wa Salmonella Typhi dhidi ya dawa za zamani umeshasambaa Afrika Mashariki. Hiyo ni hasara ya watu wote, na ndiyo inayotajwa kila semina. Mimi inaniumiza zaidi nyingine, isiyotajwa sana.

Ukishapewa jina la ugonjwa, watu wanaacha kutafuta. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha katika BMJ utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliangalia wagonjwa 4,474 waliokuwa wakitibiwa kama wana malaria kali. Walipokagua damu yao kwa darubini makini, wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 46 tu. Na wale wasio na vimelea walikufa zaidi: kama 12 kwa mia, dhidi ya 7 kwa mia wenye malaria kweli.

Kabla hujakimbia kuisambaza hiyo, ikosoe nayo. Haithibitishi kwamba jina "malaria" ndilo lililowaua wale wengine. Hakuna aliyepiga kura nani apewe jina gani. Huenda waliokuwa hawana malaria walikuwa na magonjwa makali zaidi tangu mwanzo, na wangekufa wengi hata kama wangeandikiwa sawasawa. Unachoweza kusema bila kuongopa ni kwamba zaidi ya nusu ya watu walikuwa wanatibiwa ugonjwa ambao darubini haikuuona, na kundi hilo ndilo lililokuwa hatarini zaidi. Kwangu mimi hilo linatosha kunikosesha usingizi. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimefika mpaka zahanati za vijijini, na kinatafuta protini ya kimelea mwenyewe, hakitafuti kingamwili. Kikisema huna malaria, nafasi ile iliyokuwa ya malaria inabaki wazi. Angalia ni jina gani limehamia pale.

Usimgombeze tabibu

Ni rahisi kwa sisi tunaokaa na majarida kwenye intaneti ya chuo kumcheka tabibu mwenye wagonjwa 60 nje ya mlango. Kuotesha damu kunataka chupa maalumu, kabati la joto, umeme usiokatika, mtaalamu, na siku kadhaa za kusubiri. Zahanati haina. Mgonjwa naye ametoa nauli, na asipopimwa anahisi hajatibiwa, kesho ataenda kituo cha jirani ambako watampima kila kitu. Kwenye vituo vya binafsi maabara ndiyo inayolipa mishahara, tuseme ukweli. Na tabibu anaogopa kitu halisi: ule utumbo unaotoboka. Homa iliyopita wiki, inayopanda, tumbo linalouma, mgonjwa anayedhoofika, hapo kuanza dawa na kumpa rufaa bila kusubiri karatasi yoyote ni uamuzi mzuri. Kwa hiyo tafadhali, kama umeshaandikiwa dozi usiiache katikati kwa sababu ya makala hii. Rudi ukaongee naye.

Ukirudi, uliza kwa heshima. "Daktari, kabla ya kipimo ulikuwa unafikiria taifodi?" Swali hilo linahusu benchi. Kama jibu ni kwamba walipima tu kwa sababu una homa, umeshajua karatasi ina uzito gani. Uliza kama ilikuwa slaidi au mirija, na kiwango kilikuwa ngapi, maana neno "ipo" peke yake halitoshi. Na uliza: kama hii siyo taifodi, ni nini kingine, na nirudi siku ya ngapi nisipopata nafuu? Hilo la mwisho mama yangu mdogo amelifanya kuwa silaha yake, na nimeona matabibu wakilipenda, kwa sababu linawapa ruhusa ya kusema "tusubiri siku mbili" bila kuonekana wamemfukuza mgonjwa.

Kinachokosekana kwenye ushahidi huu wote ni utafiti unaofanana na siku ya kawaida ya zahanati: watu wazima, wagonjwa wa nje, Widal ya slaidi ikifanywa na wafanyakazi walewale, kwa kitendanishi kilekile kilichokaa kwenye friji ileile. Damu ya kuotesha ichukuliwe siku hiyohiyo kabla ya antibiotiki kumezwa, mililita za kutosha. Anayesoma chupa asijue Widal ilisema nini, na anayesoma Widal asijue chupa imeota nini. Halafu watu wote, waliosomeka na wasiosomeka, wafuatiliwe wiki mbili na kurudiwa kipimo, kama vitabu vinavyotaka. Kazi ya aina hiyo inatosha shahada ya uzamili kabisa, na sehemu kubwa ya bajeti ingeishia kwenye chupa za kuoteshea na nauli za wagonjwa kurudi.